Isiende Kombo

Sakafuni nimechora kwa chaki
ekseli ya nyuma ya Suzuki
ya Bi Mgeni, mkunga wa Kangagani.
Mikono miwili chini, mirefu;
miwili juu, mishazari,
kama miguu ya mbuzi ya nazi.

"Ipande, ishuke," namwambia mwanagenzi,
"ila isiende kombo."
Anacheka. Jina lake Kombo.

Jaribio la kwanza, mkono ukagonga tangi.
Nikafuta kwa unyayo, nikachora upya.
Bushi nimezichonga kwa tairi la trekta.
Springi za mabamba ziko uani,
kuku keshatagia kati yake.

Jana usiku Bi Mgeni kapita gerejini, Wete,
hakuzima injini, hakusifu.
"Mzazi na kichanga," kasema,
"wamelala njia nzima."