Kilo Thelathini na Moja

Daktari Muzna hakuleta ripoti.
Aliingia na vijana wawili na karai,
wakalitua katikati ya meza ya manispaa ya Ibra,
kando ya halua na birika la kahawa.
Akavua glavu.

Kitu kama jiwe.
Kimefinyangwa miaka mingi tumboni mwa Samha,
ngamia wa Bin Ghusain,
aliyekonda huku anakula,
akafa ameshiba.

Tulisogeza vikombe.
Mimi karani, nikaandika: ajenda ya nne, taka.
Kisha nikauona, umechomoza ubavuni mwa jiwe,
mkono wa mfuko wa kijani
wa duka ninalonunulia mkate.

Mama yangu, mzaliwa wa Wete, angesema:
mla ni mla leo, mla jana kala nini?
Methali ilivunjikia pale mezani.
Alichokula jana kilikuwapo,
chote.

Mwenyekiti akauliza taka zetu huishia wapi.
Wahandisi wakainamia ramani.
Akaitwa Shofiqul, mfagiaji wa njia ya sokoni,
Kiarabu chake kifupi kama mpini wa ufagio:
"Chupa ya maji ina mnunuzi. Kifuniko, weka mbali.
Mfuko mwepesi mnunuzi wake upepo.
Mkichanganya na wali, vyote uchafu."
Miaka tisa anafagia mji huu.
Siku hiyo ndiyo kwanza akapewa kiti.

Tukapitisha, bila makofi:
mapipa mawili kila kichochoro, la vikavu na la mabaki ya chakula;
chupa zipimwe soko la Jumatano,
kila kilo ipunguze bili ya maji;
mifuko myepesi marufuku,
na ukaguzi uanzie kwenye duka la mkate wangu.

Haikunyooka.
Mwezi wa kwanza pipa la vikavu lilijaa nepi.
Mtu, jina ninalo, alitia mchanga chupani apate uzito.
Muuza mkate hanisalimu hadi leo.
Mwezi wa tano likaondoka lori la kwanza,
chupa zimebanwa marobota kama majani ya ng'ombe.
Shofiqul aliandika uzito kwa tarakimu za kwao,
nikajifunza kuzisoma.

Jiwe liko kabatini kwangu.
Wenzangu wanataka lizikwe. Nawauliza: lioze lini?

Jana Bin Ghusain alikuja kulipa bili.
Akaomba kuliona.
Alilipapasa taratibu, kama mtu apapasaye shingo,
akaita jina, mara moja.
Halafu akachukua risiti yake,
amepunguziwa baisa mia nne,
akatoka.