Mwaka Usio na Namba

Kwanza mistari michache ya kukana dhamana,
kisha dirisha jeupe, na pembeni
mshale mmoja usio na mkia: >
"Haya, nifanye nini?" Tuulikki anamuuliza paka.
Maelekezo yalisema ni bure, pakua, sakinisha.
Hayakusema kwamba itakukodolea tu
kama karani wa posta asiye na haraka.

Anaandika mbili kujumlisha mbili.
Nne, inajibu.
Anacheka peke yake, jikoni, Kuhmo,
nje baridi digrii ishirini na sita chini ya sifuri,
theluji imefika kiunoni mwa sauna.

Kando ya kibodi, daftari la baba.
Eelis alikuwa seremala, hakupenda maneno.
Kila Machi alichimbia kigingi katika barafu ya ziwa,
kila Mei kigingi kilipolala majini
aliandika tarehe kwa penseli ya kazi, basi.
Miaka arobaini na saba.
Hakuna "leo nimefurahi." Hakuna "binti amezaliwa."
Tarehe ishirini Mei. Tarehe kumi na tatu. Tarehe tisa.

Jioni mbili anaziingiza kwenye faili, safuwima mbili,
mwaka, na siku tangu Januari kuanza.
Faili anaiita barafu.
Kesho yake anaiita Barafu, kwa herufi kubwa,
na mashine inaapa haimjui mtu wa jina hilo.
Anasahau kufunga mabano:
badala ya jibu, alama ya kujumlisha.
Anabonyeza tena. Nyingine. Nyingine tena,
ngazi nzima ya misalaba midogo,
mpaka anang'amua kwamba haijakasirika,
inamsubiri amalize sentensi.
Nani aliwahi kumsubiri hivyo?

Hatimaye anauliza wastani.
Mashine inajibu: NA.

Kwa Kifini herufi hizo mbili si kitu.
Mimi ninayesimulia nazisoma vingine:
na, kiungo, neno lililonyoosha mkono
kushika la pili, likakuta hewa.
Kwa mashine maana yake ni moja, pengo.
Mwaka mmoja hauna namba,
na kwa ajili ya huo mmoja
miaka arobaini na sita inakataa kusema.

Elfu moja mia tisa tisini na moja.
Baba alikuwa Kajaani, hospitali, ghorofa ya tatu,
kwenye kiti kando ya kitanda cha mama.

Yapo maneno ya kuamuru: ondoa yasiyopo, endelea.
Anayaandika mpaka nusu. Anayafuta.
Kwa sababu yeye alikuwepo.
Miaka kumi na mmoja, buti za jirani, zilimpwaya,
alisimama ufukweni asubuhi ya tarehe kumi na moja
akakiona kigingi kikiinama polepole
kama mtu anayetafuta kitu sakafuni.
Alikimbia ndani kusema.
Simu ilikuwa inalia.
Baada ya hapo nani angeuliza habari za barafu?

Paka ameshuka mezani. Kahawa imepoa.
Katika safu ya mwaka ule anaandika 131.
Faili haibishi. Haiulizi shahidi.
Wastani unatoka, na desimali zake,
na grafu: nukta zikiteremka kuelekea kulia,
mwaka baada ya mwaka ziwa likifunguka mapema,
jambo ambalo baba huenda alilijua
akalinyamazia kama mengine.

Lakini hajaridhika. Yale ni maandishi ya baba,
hawezi kupenyeza namba yake humo kimyakimya.
Anarudi juu, kwenye mstari wa kwanza wa amri zake,
anaweka alama ya reli, #,
inayoiambia mashine: haya hayakuhusu, ruka.
Baada yake anaandika, kwa lugha ya nyumbani:

# 1991 niliona mimi. Uliporudi hukuniuliza.

Anaendesha yote upya toka mwanzo.
Mashine inaruka mstari ule, inaendelea na kazi.