Mtihani wa Ulimi

Ukuta wetu na Nyakio ulikuwa na tundu la kupitishia moto.
Akigonga mara mbili kwa mwiko
nampa kijinga, au chumvi,
au habari za nyumba ya tatu
ambazo hazikuwa za kweli lakini zilikuwa tamu.

Usiku ule waliwapanga wanaume uani kwa mwenye kinu.
Wakasema: Tamkeni shahada.
Aliyeijua alisogezwa kando.
Gichuru alijua kufungua pampu na kuifunga gizani,
alijua paka wangu kwa jina.
Hili la shahada, miaka ishirini na mbili ya ujirani,
hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wakubwa wakaja kwa helikopta.
Walisema hatutatikisika,
na upepo wa ile helikopta ukaangusha kamba yangu ya nguo.
Wakaacha hema, magunia ya mchanga,
na kafyu: kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi.

Basi tukajifunza kuishi nusu siku.
Binti wa Bwanaheri aliolewa saa nne mchana,
hina ikachuruzika kwa jasho hadi viwikoni.
Uchungu ukamshika Mwanatumu saa nane za usiku.
Mkunga yu ng'ambo ya barabara, hatua arobaini,
akaelekeza kwa kupaza sauti dirishani:
sukuma, acha, sukuma, na taa ya simu
inakaribia kuzima.
Mtoto wakamwita Amri.
Hakuna aliyecheka.

Wiki ya sita Nyakio aligonga.
Nikashika kijinga. Akasema, Sitaki moto.
Nifundishe yale maneno.

Nilimfundisha kama ninavyopika wali,
polepole, bila kufunua mapema.
Ulimi ulikwama kwenye ile ha ya kooni.
Nikamwambia: pumua kama unayefuta kioo cha kandili.
Akapumua. Tundu likapata ukungu.
Sikumuuliza shehe kama ni dhambi
kumpa mtu imani kama namba ya siri.
Nilichelea atanijibu.

Kumbe na mimi nilikuwa na wangu.
Shebwana, kila akienda gatini Mokowe,
hushushwa kwenye kizuizi peke yake.
Askari hukigeuza kitambulisho chake
kama samaki anayeshukiwa kuoza.
Babu yako alizaliwa wapi? Na babu yake?
Mara moja alirudi na sikio limevimba.
Mara moja hakurudi, siku kumi na tisa,
na aliporudi alikuwa anaomba ruhusa
kwenda msalani kwao.

Nyakio akasema tunduni: Mlete.
Akamketisha upande wangu, yeye upande wake.
Usiseme ndia, sema njia.
Usiseme nakuya. Nakuja. Tena.
Achia mabega. Muulize afande habari za kwao,
wengi wana ng'ombe wanaowakumbuka.
Mwanangu akarudia, njia, njia, njia,
na mimi nikasikia jina la bibi yangu
likimtoka mdomoni herufi kwa herufi.

Sikumlaumu. Alikuwa analipa deni
kwa sarafu ileile.

Amri sasa ana miaka sita.
Yeye na mjukuu wa Nyakio hucheza kizuizi:
kamba ya katani, kitambulisho ni jani la mkungu.
Soma! Taja babu yako!
Wameichanganya mitihani miwili wakaifanya mmoja,
na wote wanapita, wanarudi nyuma ya foleni
wapite tena.

Kafyu iliondolewa, wanasema.
Bado tunafunga milango kabla ya Magharibi,
mkono hauulizi.

Jana usiku mwiko uligonga mara mbili.
Moyo ulisimama kwanza, ndipo nikaitika.
Nikaweka sikio tunduni, nikasubiri
aniambie ni nani yuko barabarani.

Alitaka chumvi.