Tunda Lisiguse Chini

Wananiita kwa sababu moja: sihitaji ngazi.
Msimu wa parachichi, kutoka Katumba hadi Kiwira,
simu inalia kabla jogoo hajasafisha koo:
"Ambakisye, njoo baba, matawi ya juu yametushinda."
Naenda na goti langu la kushoto,
lilipasuliwa Tunisi, likashonwa na mtu mwenye haraka,
linajua mvua kabla mlima Rungwe haujavaa wingu,
na Tukuyu mvua si mgeni, ni mwenye nyumba.

Mkasi, kikonyo, tunda.
Natupa. Gwakisa anadaka.
Mnunuzi ana sheria moja, anairudia kama sala:
lililogusa chini halipandi lori.
Hata kama halina alama. Mchubuko wake
hujitokeza siku ya ishirini, baharini,
mbali, mbele ya watu wasiolijua.
Hilo mimi nalielewa kuliko yeye.

Mama aliandika urefu wangu kwa mkaa mlangoni,
kila Pasaka mstari, mpaka mwimo ukaisha.
Vitanda vilinikataa. Viatu vilinikataa.
Ni ringi ya baiskeli tu, ya mwalimu Kajange,
iliyopigiliwa kwenye mkaratusi nyuma ya shule,
iliyonitazama kana kwamba ilinisubiri.
Mpira mmoja, watoto thelathini, uwanja wa matope.
Mpira kwenye matope haudundi:
unazama, unalala, unakuchafua.
Basi tulijua kupasi kabla ya kujua kudunda,
mimi kwa Gwakisa, Gwakisa kwangu,
hewani, hewani, usiguse chini,
mpaka kengele, mpaka giza, mpaka fimbo.
Dar es Salaam walidhani ni mbinu ya kocha.
Ilikuwa mvua tu.

Kisha usiku ule wa fainali,
sakafu ya mbao inang'aa kama kikaango,
wageni wawili wenye madaftari, mstari wa tatu.
Sekunde nne.
Gwakisa chini ya goli, peke yake,
mikono ameifungua kama mtu anayepokea mtoto.
Nilimwona. Nataka iandikwe hivyo: nilimwona.
Nikaruka, nikarusha mwenyewe.

Ningekosa, ningekuwa mjinga tu, na mambo yangeisha.
Niliingiza.

Wakanibeba. Daftari likafungwa na jina langu ndani.
Miaka kumi na moja: Tunisi, Iskandaria,
msimu mmoja Ureno, wa baridi isiyo na chai ya maana,
nikilala mshazari kwenye vitanda vya hoteli,
nikila makaroni, nikiota mbalaga.
Magazeti hayakuwahi kuandika jina langu
kwa herufi zilezile mara mbili.
Fedha ilikuja, ikajenga nyumba hii
yenye milango mirefu kama ya kanisa,
ikaaga, ikaenda zake.
Gwakisa alirudi na basi la usiku, akalima viazi.
Sikumwandikia. Nilikuwa, kama wasemavyo, bize.

Jana, mti wa mwisho, shambani kwa Tumwitike,
mjukuu wake alinikodolea macho toka kisigino hadi kofia:
"Ni kweli babu, ulikuwa unalipwa kuruka?"
Ni kweli.
Akacheka mpaka kikapu kikamponyoka.
"Na sasa?"
Sasa nalipwa kunyoosha mkono.

Gwakisa hakucheka.
Kichwa kimekuwa cheupe, mgongo umeanza kuinama,
lakini ile mikono, chini ya tawi,
ilikuwa wazi vilevile.
Nilishika tunda. Halikutoka.
Akasema, akilitazama tunda, si mimi:
"Nilikuwa peke yangu pale, unajua."
Miaka thelathini na miwili.
Tumezikana wazazi, tumeazimana majembe,
tumekaa benchi moja kanisani,
na sentensi hiyo ilikuwa bado hewani.
"Najua," nikasema.

Mvua ikaanza, kwanza kwenye migomba,
ndipo mabegani.
"Basi usikae nalo," akasema. "Leta."