Tatu kwa Mbili

Swali la saba, kipengele cha pili, alama mbili:
Eleza tofauti ya wimbi mkingamo na wimbi mlalo.

Darasani nilikuwa nimeshayamaliza.
Nilikuja na kamba ya nanga, ya manila, inanuka dagaa,
Lusato akashika ncha, mimi nikatikisa hii yangu:
kilima kikatoka mkononi mwangu, kikapita madawati matatu,
kikamchapa kiganjani.
Mmeona? Kilima kimekwenda, kamba ipo palepale.
Uzi umepanda na kushuka, safari imeukata ubavuni.
Huo ni mkingamo.

Wa pili haukuhitaji kifaa.
Nani hajapanga foleni ya kivuko cha Kamanga,
lango limefungwa, jua limeshafunguliwa?
Wa nyuma kabisa anasukuma kwa tenga la kuku,
anayesukumwa anamwegemea wa mbele yake,
wanabanana, wanaachana, wanabanana,
na msukumo unafika langoni
kabla ya mtu yeyote kupiga hatua.
Kila mmoja anarudi aliposimama, anasonya.
Huo ni mlalo. Sauti nayo husafiri hivyo,
hewa ikisukumana na kutakana radhi.

Wakaandika. Wakakariri.

Thelathini na tisa walinijibu
kama kasuku niliowafuga mwenyewe.
Nkwimba, chini ya jibu lililokwisha kutosha,
akaongeza mstari kwa penseli:
*Lakini ziwa si kamba wala si foleni. Ziwa linafanya yote mawili.*
Nikauchapa kosa jekundu.
Pembeni nikaandika: Soma swali.

Jumamosi nilishuka Igombe kununua sato.
Mitumbwi ilikuwa haijarudi. Nikakaa juu ya jiwe,
mojawapo ya mawe yale yaliyobebana
kama watoto wanaochungulia dirishani.
Ndala moja, ya kushoto, ya bluu, ukanda umekatika,
ilikuwa inaelea hatua kumi kutoka nilipokaa.
Niliitazama kwa kukosa la kufanya.

Wimbi likaja. Ndala ikapanda.
Mkingamo, nikasema, kama ninayemsahihisha mtu.
Ilipofika kileleni ikasogea huku kwangu, kidogo,
kama mdeni anayetaka kusema neno;
ikashuka,
na kule bondeni ikarudi nyuma.
Nikahesabu mawimbi ishirini.
Inapanda, inakuja, inashuka, inarudi.
Duara.
Ndala inachora duara, na tena duara,
mtoto wa chekechea na herufi yake o,
huku wimbi lenyewe likipita na kwenda kufia maweni.

Ng'ambo ya ghuba fundi mitumbwi alikuwa anagonga misumari.
Niliiona nyundo ikitua, kisha ndipo nikaisikia.
Katikati yetu hewa ilikuwa bado kwenye foleni.

Mimi ni wa Kishapu. Maji tuliyajua kwa ndoo,
na ndoo haina wimbi la kumfundisha mtu.
Mawimbi niliyakuta ubaoni, yamechorwa kwa chaki,
mstari unaopanda na kushuka, mshale ukielekea kulia.
Nkwimba kwao wanaanika dagaa Kayenze.
Ameoga humu kabla hajajua kuhesabu;
mgongo wake unajua kwamba ziwa likikuinua
halikuinui bure, linakuvuta vilevile.
Nani alikuwa anamsahihisha nani?

Sato walipokuja nilichagua wawili
na nikasahau kudai chenji.

Jumatatu nilifukua karatasi yake katika rundo.
Kosa likishaandikwa halifutiki, wino mwekundu una kiburi.
Basi nikalizungushia duara, taratibu,
nikianzia chini: kupanda, mbele, kushuka, nyuma,
hadi kalamu ikarudi ilipoondokea.
Nikampa tatu kwa mbili.

Mwalimu wa taaluma ameniuliza hesabu hii ni ya nchi gani.
Nimemwambia ashuke Igombe,
avue ndala moja,
akae.