Kunata si Kuungana

Ndege tuliipata Gikomba, chini ya robota la mapazia,
boksi limebonyea pembe moja,
shilingi mia mbili na hamsini baada ya mimi kununa.
Vipande sitini na vitatu, vyote bado kwenye fremu zao
kama meno ya mtoto, hakuna kilichong'oka.
Ni tyubu ya gundi tu iliyokufa.
Niliiminya, ikatoa vumbi.

Kwamboka akasema, Baba, sasa?
Ana miaka kumi na mmoja na hapendi majibu marefu.

Nikaanza na supaglu ya kioski,
ile inayotundikwa karibu na viberiti.
Ilishika kabla sijawa tayari.
Ilishika bawa, ikashika kidole changu cha shahada,
ikashika ukurasa wa vifo wa gazeti la Jumapili,
na bawa lenyewe limeinama
kama mtu aliyetia sahihi bila kusoma.
Lakini kilichoniuma ni kioo cha rubani:
asubuhi tulikikuta na ukungu mweupe,
mvuke wake umekilamba usiku kucha.
Kwamboka alikifuta kwa shati la shule. Akakifuta tena.

Nikaenda kwa Ochola, fundi viatu wa Donholm.
Gundi yake ya njano hukaa kwenye kopo la maziwa,
ukiichota inavutika nyuzinyuzi hadi gotini.
"Hii," alisema, "hushika soli ya askari wa kilo mia."
Ndege yangu haifiki gramu arobaini.
Kisha akafunika kopo upesi, akalikalia,
maana mvulana mmoja alikuwa amesimama karibu,
chupa imefichwa ndani ya mkono wa sweta.
"Siku hizi nauza kwa kijiko," Ochola akasema, "na kwa sura."
Akaitazama ya mvulana. Akaitazama na yangu.

Mvulana akaniuliza natengeneza nini.
Ndege, nikasema.
Ya kwenda wapi?

Nilikwenda mjini mikono mitupu,
Mtaa wa Biashara, ghorofa ya kwanza,
duka wanakonunua wanafunzi wa usanifu majengo.
Bi Nasim aliivua miwani yake:
"Unaunganisha nini na nini?"
Hakuna aliyekuwa ameniuliza.
Akanipa kichupa chenye brashi nyembamba kama kope.
"Hii hainati. Inayeyusha ukingo huu na ukingo ule,
vikiingiana, yenyewe inajiendea zake hewani.
Hubaki plastiki tupu.
Kioo kipya ukikipata, tumia ile nyeupe ya watoto wa shule.
Ni dhaifu, lakini haina kinyongo.
Na ufungue dirisha."

Kunata, basi, ni kazi ya utomvu
na ya mgeni asiyejua kuaga.
Kuganda ni kazi ya uji.
Kuungana kunataka kila upande upotee kidogo.
Nilifika nyumbani nikitaka kumweleza mke wangu hayo yote.
Akauliza bei.

Usiku ule tulifungua dirisha, baridi ikaingia na mbwa wa jirani wakibweka.
Nilishika nusu mbili za kiwiliwili, Kwamboka akagusisha brashi,
na maji yale yakakimbia yenyewe kwenye mfereji wa kiungo
kama umbea kwenye ploti,
yakafika mkiani kabla hatujahesabu tano.
Tukahesabu thelathini. Sikupumua.
Yalikuwa pia yamepita chini ya gumba langu.
Nilipoliinua, alama yangu ilikuwa imebaki pale,
mistari yote, hata kovu la kisu cha mkate.

Nikatafuta msasa.
"Wacha," Kwamboka akasema. "Hiyo ndiyo namba ya usajili."

Sasa iko juu ya friji.
Bawa moja limeinama, ubavuni pana kidole changu,
na kioo kipya hatujakipata, kwa hiyo rubani, kama yumo,
anaishi katika Nairobi ya mwezi wa saba, asubuhi, daima.
Ya kwenda wapi,
bado.