Leo Dagaa Hawanuki

Alfajiri ya Kibirizi nimeinama juu ya chanja,
nimechota konzi moja, nimeileta puani
kama nilivyofanya miaka kumi na tisa.
Hakuna kitu.
Nikachota tena upande wa pili, wale wa jana.
Kimya. Kama kupiga simu ya mtu aliyezikwa.

Nikafikicha jani la mlimau. Nikanusa mafuta ya taa.
Nikanusa kwapa langu mwenyewe, Mungu anisamehe.
Kimya.

Pwani hii wananiita Pua.
Kwa pua hii namjua dagaa aliyelala na unyevu,
aliyeanikwa mchangani akauzwa kama wa chanja,
wa msimu uliopita aliyejificha katikati ya wapya.
Kwa pua hii Bukuru na Butoyi wana viatu vya shule,
ingawa shule imefungwa
na viatu vitawabana vikiwa bado vipya.

Juzi redio ya jirani ilisema:
homa, kikohozi, na wengine hupotewa na harufu.
Wanaume wa kahawa wakacheka,
ikipotea inakwenda wapi, Bujumbura?
Nami nilicheka. Nilicheka sana.

Ndani ya kanga nina daftari la kikoba.
Ijumaa, elfu themanini na tano.
Katika katiba yetu msiba umo, uzazi umo,
hata moto wa nyumba umo;
pua haimo.
Ruhaga amekwisha kushona magunia manne,
na behewa halimsubiri mtu anayewaza.
Halafu mimi sina homa. Miguu ina nguvu.
Nani atajua? Pua ni yangu, na siri ni yake.

Hapo nikamwona Bi Tausi wa Uvinza
akishuka na kapu, akipumzika kila hatua sita,
kifua chake kikipiga filimbi.
Sisi wawili hatuuziani kwa mbali:
anainama, nainama, vilemba vinagusana,
konzi moja, pumzi mbili,
kisha tunatazamana na bei inajisema.

Niliishika mizani yangu, ile ya kuning'iniza.
Haina pande mbili za kubembelezana.
Ina ndoana moja, ina kutu;
unachokitundika ndicho kinachovuta.

"Simama hapo hapo!" nikapiga kelele.
"Usije. Dagaa wameoza."

Mwalo mzima ukageuka.
Ningelitaja lile neno lenyewe
wanangu wangeitwa kwa jina lake mpaka waoe.
Kuoza, watu husamehe.

Bi Tausi akavuta hewa ya ziwa
kwa shida, kama anayevuta ndoo kisimani.
"Mbona wananukia?" akasema.
"Wananukia kuliko wa mwezi jana."
"Wameoza."
"Pua yako imekufa?"
"Wameoza, Bi Tausi. Nenda kwa Mwamini."

Akaenda. Mwamini akampimia kilo kumi na mbili.
Ruhaga akafumua magunia bila kuniuliza,
akitema mate pembeni kama aliyenusa uozo,
maana neno likishatoka, kila pua hulitii.

Leo siku ya sita nalala jikoni, nje.
Daftari limeruka Ijumaa moja,
na wenzangu wa kikoba wamepita njia ya juu.
Sijui kama nilimwokoa mtu.
Pengine Mwamini naye alikuwa hanusi,
akanyamaza.

Butoyi anapika wale wale walioitwa wabovu,
anaweka sahani kizingitini, anarudi nyuma
mpaka kwenye jiwe tulilokubaliana.
"Wananukiaje?" namuuliza.
Anafikiri, mtoto yule, anafikiri sana.
"Kama wewe," anasema,
"ukirudi sokoni."